Jinsi ya kusoma alama za mbu mwilini mwako, na kwanini uvimbe haukuambii kama umeambukizwa

Desemba moja mpwa wangu wa miaka sita alishuka Tanga kwa bibi yake akitokea Makete, kule kwenye baridi ambako mbu ni wachache, akalazwa kitanda kimoja na binamu zake wawili waliozaliwa hapohapo Tanga, chandarua kimoja, na chandarua chenyewe kina tundu upande wa miguuni. Asubuhi yeye jicho moja halifunguki, sikio limevimba kama andazi, mikono yote manundu. Binamu zake hata alama hamna. Basi nyumba nzima ikaanza, huyu akasema mtoto ana damu tamu, yule akasema hiyo malaria tayari imeingia apelekwe akapime saa hii hii, na wale wawili wakaambiwa wao mbu hawawataki. Sasa siku kama kumi na mbili mbele aliyeamka na homa kali na kutapika alikuwa mmoja wa wale wawili wasio na alama, na alikaa siku mbili nzima anapewa panadol tu kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia yule aliyevimba.

Hicho kitu kilinikaa sana rohoni. Toka hapo kila nikipata cha kusoma kuhusu mate ya mbu nasoma, nikikutana na daktari namuuliza, na nimeona niandike hapa vile ambavyo mtu wa kawaida anaweza kutumia nyumbani kwake.

Anza na mate, usianze na damu

Anayeng'ata ni mbu jike peke yake, anatafuta protini ya kutengenezea mayai, dume anakunywa utamu wa mimea na hana habari na wewe. Jike akitua anachomeka mrija wake anaanza kutafuta mshipa, na muda wote anaotafuta anatema mate ndani ya ngozi yako, hata kabla hajapata tone la damu. Mate hayo yana protini zaidi ya mia moja. Zipo za kuzuia damu isigande, zipo za kutanua mishipa, na kuna kundi linaitwa D7 kazi yake ni kunasa histamini, yaani ile kemikali ya mwili wako inayoleta muwasho, anainasa ili usishtuke mapema ukampiga kofi. Ndio maana mara nyingi unakuja kuhisi wakati yeye keshaondoka.

Kwaiyo ule uvimbe hausababishwi na sumu wala na mdudu aliyeingia. Ni kinga yako ya mwili inagombana na mate. Mwili ukishawahi kuyaona unatengeneza kingamwili za kuyatambua, nyingine zinaenda kukaa juu ya seli fulani za ngozi ambazo zimejaa histamini, na siku mate yale yakirudi zile seli zinamwaga mzigo wao, mishipa inavuja maji, mahali panavimba, neva zinawasha. Mbu anaweza kuwa msafi kabisa, hana kimelea hata kimoja, na bado ukavimba kama mpira. Na anaweza kuwa amebeba malaria mdomoni na wewe usione hata doa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, naomba uishike vizuri. Vimelea vya malaria vikiingia ndani ya mbu vinahitaji kama siku kumi au zaidi kukua na kuhamia kwenye tezi za mate, kwaiyo mbu mchanga bado hana kitu cha kukupa, na hata kwenye maeneo yenye malaria nyingi wenye vimelea kwenye mate ni wachache kati ya wote wanaokung'ata. Akikung'ata huyo mmoja, anakuachia vimelea makumi tu hivi kwenye ngozi, vidogo mno, havivimbishi chochote, vinasafiri mpaka kwenye ini vinajificha.

Jipime uko hatua ya ngapi

Mwaka 1946 Mwingereza mmoja, Kenneth Mellanby, alieleza kwamba mtu anayeng'atwa na mbu wa aina moja tena na tena anapita hatua tano. Mwanzo kabisa hakuna kitu, mwili haujayajua mate. Halafu unakuja uvimbe wa kuchelewa tu, ule unaotokea kesho yake. Halafu yanakuja yote mawili, uvimbe wa papo hapo na wa kesho. Halafu unabaki wa papo hapo peke yake. Mwisho hakuna tena, mwili umezoea, umechoka kugombana.

Kujipima ni rahisi, unahitaji saa tu. Ukimwona mbu anakung'ata (mpige ndio, ila angalia saa), tazama baada ya dakika 20 mpaka 30: kama pametokea nundu laini jeupe katikati lenye wekundu pembeni na linayeyuka ndani ya saa moja mbili, hiyo ni ya papo hapo. Kesho yake tazama tena pale pale: kama kuna kipele kigumu chekundu kinachowasha na kinakaa siku kadhaa, hiyo ni ya kuchelewa. Ukiwa na vyote viwili uko katikati ya safari, na hapo ndipo kuna mateso kuliko hatua zote. Ukiwa huna hata kimoja na unaishi sehemu ya mbu, tafsiri yake ni kwamba umeng'atwa sana mpaka mwili umezoea, wala sio kwamba mbu wanakupita.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wale binamu wa Tanga. Hata wanasayansi hawaamini ngozi kuhusu hili, wanachukua tone la damu wanapima kingamwili dhidi ya protini moja ya mate ya mbu wa malaria, wanajua mtu ameng'atwa kiasi gani siku za karibuni hata kama yeye anaapa hajaguswa. Kule Angola walipima watu kabla na baada ya kupewa vyandarua vyenye dawa na zile kingamwili zikashuka. Mtu akikuambia "mi mbu hawaniumi", ujue damu yake ingesema vingine.

Na hatua hizi sio za milele wala sio za mbu wote. Ukizoea mbu wa kwenu ukahamia kwenye mbu wa aina nyingine unaweza kuanza upya, na ukikaa miaka Dodoma au Toronto au Muscat ukarudi pwani unavimba kama mgeni. Usiogope, na usimcheke mtoto wa shangazi aliyekuja likizo.

Muwasho unautulizaje

Osha kwa maji na sabuni kwanza. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hivi, baridi inabana mishipa na kupooza neva. Kalamaini inasaidia, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inasaidia zaidi kwa siku chache mahali padogo, sio mwili mzima na sio usoni kwa wiki nzima. Kama muwasho unakunyima usingizi kunywa dawa ya aleji, setirizini ya mg 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima inatosha, Piriton nayo inafanya kazi ila inalevya usingizi usije ukapanda bodaboda. Watoto dozi yao inaenda na umri na uzito, muulize mfamasia, usikate kidonge kwa kukadiria. Mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, na zile krimu za mchanganyiko ambazo kila duka la dawa linakupa kwa kila kitu kuanzia fangasi mpaka chunusi, achana navyo.

Kubwa kuliko yote ni kucha. Kata kucha za watoto, zikate kweli. Kinachowapeleka watoto wengi zahanati sio mbu, ni kidonda cha kujikuna kilichoingia bakteria, na baadhi ya bakteria hao wa ngozi wanaweza kuja kuharibu figo wiki kadhaa baadae, mtoto anaamka uso umevimba na mkojo rangi ya chai. Kipele kidogo tu kile.

Sasa utajuaje kama uvimbe mkubwa ni aleji au ni bakteria, maana vyote vinakuwa vyekundu na vya moto? Angalia saa tena. Uvimbe uliokuja ndani ya masaa machache toka ang'atwe, unawasha sana kuliko kuuma, hata kama ni mkubwa umefunga jicho, mara nyingi hiyo ni aleji ya mate, na kwa watoto wadogo inaweza kuja na homa kidogo. Tiba yake ni barafu na dawa ya aleji, antibayotiki haina kazi hapo. Lakini kama kipele kilikuwa kidogo, halafu siku ya pili ya tatu ndio kinaanza kupanuka, kinauma kuliko kuwasha, kina usaha au kuna mstari mwekundu unapanda, hiyo ni bakteria, nenda hospitali. Midomo au ulimi ukivimba, kifua kikabana, mwili mzima ukatoka mabaka, hiyo ni nadra kwa mbu ila ni dharura, kimbia usisubiri asubuhi.

Jambo moja ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Mtu mzima ambaye zamani hakuwa na shida halafu ghafla anajaa vipele vya kuwasha mikononi na miguuni, haviishi, vinaacha makovu meusi, apime VVU. Uganda walivichunguza vipele vya namna hiyo kwa watu wenye VVU wakakuta vinatokana na kung'atwa na wadudu, kinga ikishavurugika inagombana na mate kupita kiasi. Na ili nisieleweke vibaya, mbu haambukizi VVU, hata kidogo, kirusi kile hakiishi wala hakizaliani ndani ya mbu. Kipele kinakuonyesha hali ya kinga yako tu, na ukianza dawa mapema ngozi nayo inapona.

Weka kalenda, hii ndio kazi yenyewe

Chukua karatasi bandika nyuma ya mlango wa chumba. Andika tarehe mgeni alipofika, au tarehe wewe uliporudi kutoka safari, au usiku mliolala bila chandarua. Kuanzia hapo unahesabu.

Homa siku ya pili ya tatu toka kung'atwa kwa mara ya kwanza haiwezi kuwa malaria ya mbu hao, vimelea bado viko kwenye ini, tafuta sababu nyingine. Dengi kawaida inaanza siku ya 4 mpaka ya 10, chikungunya nayo humohumo, zote mbili ni homa za virusi vinavyoletwa na mbu. Malaria ya kwetu mara nyingi siku ya 10 mpaka ya 15, inaweza kuanza siku ya 7 na inaweza kuchelewa hata miezi, kwaiyo mtu aliyerudi Ulaya au Marekani akapata homa ndani ya miezi mitatu asiseme ni mafua aliyoyapata safarini, aende siku hiyo hiyo na aseme mwenyewe "nimetoka Tanzania, nipimeni malaria", maana wale madaktari wanaweza wasiwaze.

Saa uliyong'atwa nayo inasaidia. Mbu wa malaria anafanya kazi usiku mkiwa mmelala. Yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anang'ata mchana, hasa asubuhi na jioni jua likielekea kuzama, anazaliana kwenye tairi, ndoo, vifuu vya nazi, sahani za maua, huyo ndiye wa dengi na chikungunya. Dar imepigwa na dengi vibaya 2014 na 2019, watu wanaijua. Chikungunya jina lenyewe ni la Kimakonde, linasema kujikunja, iligunduliwa huko huko uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, mtu anatembea amejipinda kwa maumivu ya viungo.

Na hapa mate yanarudi tena. Kwenye majaribio ya panya, kirusi kilichoingia pamoja na mbu kung'ata kinaleta ugonjwa mkali kuliko kirusi kilekile kikidungwa kwa sindano safi. Ule uvimbe unavuta seli za kinga zije pale, na baadhi ya seli hizo ndizo kirusi kinazitaka, zinageuka nyumba yake. Yaani askari wanakuja kumsaka mwizi, mwizi anawavua sare anavaa yeye.

Dengi ina ubaya mwingine unaohusu kinga. Ziko aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga ya aina hiyo, lakini miaka mbele ukipigwa na aina nyingine zile kingamwili za zamani zinakishika kirusi kipya bila kukiua, zinakiingiza ndani ya seli kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango, na ndio maana dengi ya mara ya pili ina hatari zaidi ya kutoka damu. Kwaiyo kama uliugua 2014 au 2019, iandike kwenye karatasi yako na umwambie daktari. Homa ambayo malaria haionekani, macho yanauma kwa ndani, mwili umevunjika, majirani nao wanaumwa, tumia parasetamo peke yake, usiguse diklofenaki wala ibuprofeni wala aspirini, zinaongeza hatari ya damu kutoka. Na ujue dengi inaua pale homa inaposhuka, watu wanashangilia kapona, kumbe ndio saa ya kuangalia: tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, amelegea au anahangaika, mrudishe hospitali bila kusubiri.

Kinga ya malaria inavyopatikana na inavyopotea

Mtu mzima aliyekulia kijiji cha Muheza au Kilifi au Kisumu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na yuko shambani analima. Kinga yake haizuii vimelea kuingia, inazuia visimwangushe. Ameilipia utotoni kwa homa nyingi, na wengine wa rika lake hawakufika. Inachukua miaka kwa sababu kimelea kina vazi analovalisha chembe ya damu, ana nguo kama 60 kwenye kabati lake, mwili ukiijua doti moja anabadili, mpaka umezijua nyingi ndio unapumzika. Mtoto mchanga ana miezi michache ya ulinzi alioupata kwa mama, halafu unaisha, na kuanzia hapo mpaka miaka mitano ndio kipindi cha hatari. Chanjo za malaria, RTS,S iliyoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019 na R21 iliyokubaliwa na WHO 2023 baada ya kujaribiwa Bagamoyo, Kilifi na kwingine, zote zinafundisha mwili kumkamata kimelea akiwa bado katika hali ile ile aliyotoka nayo kwenye mate, kabla hajazama kwenye ini. Ziko sindano nne. Kama eneo lako zinatolewa mpeleke mtoto amalize zote, asiishie ya pili.

Ukihama kinga inalegea. Hili naomba mlio nje mlisikie, wewe uliyeondoka Mwanza ukakaa London miaka minane huna tena ile kinga ya mama yako aliyebaki nyumbani, na watoto wako waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Uingereza wagonjwa wengi wa malaria wana asili ya Afrika na walikuwa wametoka kutembelea ndugu. Nenda kliniki ya wasafiri kabla ya tiketi, upewe dawa ya kuzuia, uimeze mpaka siku ya mwisho waliyokuandikia hata ukisharudi. Usimwonee haya mjomba atakayesema umekuwa mzungu.

Mama mjamzito, hasa mimba ya kwanza, kinga aliyoijenga toka utotoni inamtupa, kwa sababu vimelea vinavaa nguo mpya ya kung'ang'ania kondo la nyuma ambayo mwili wake haujawahi kuiona. Anaweza asisikie homa na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi anameza SP, vidonge vya kuzuia malaria, kliniki kuanzia miezi minne hivi, kila mwezi, angalau mara tatu, na kama anatumia septrini amwambie nesi maana havitumiwi pamoja.

Ukifika zahanati

Mwambie daktari tarehe, usimwonyeshe vipele. Sema homa imeanza lini, umetoka wapi, umelala bila chandarua lini, umeng'atwa mchana au usiku, na kama umemeza mseto, dawa ya malaria, wiki chache zilizopita sema, kwa sababu kipimo cha haraka kinasoma protini ya kimelea na kinaweza kuonyesha ndio hata wiki kadhaa baada ya kupona, hapo omba damu iangaliwe kwenye darubini. Wapeleke wote wenye homa, mwenye manundu na asiye na manundu. Na mgonjwa wa dengi mlaze ndani ya chandarua hata mchana, zile siku za mwanzo za homa damu yake imejaa kirusi na mbu mmoja wa sebuleni akimng'ata anaweza kuja kuwagawia nyumba nzima.